Mwaka Baridi Ilipopanda

Juzi tulikuwa kijijini Simbo kwenye arobaini ya Bi Mwasiti. Dua ilikuwa imeshasomwa, masinia ya pilau yameshapita, na upande wa wanaume, chini ya turubai, Mzee Hamdani akainuka kutoa neno. Zamani yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mwalo wetu kule Ujiji, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Siku hizi anatembelea mkongojo na sauti imemwisha. Akasema marehemu alikuwa mama wa mwalo mzima, kila mvuvi aliyerudi na kiu alimjua. Kisha akasema: "Akaona bora kilimo, akatuaga, akaja huku Simbo kwa hiari yake." Kwa hiari yake. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, tonge liko mkononi, na lile tonge nikalirudisha kwenye sinia. Jirani yangu akaniuliza, "Vipi dada, pilipili?" Nikamjibu ndiyo, pilipili. Nina mazoea ya kuandika siku yangu kila jioni, mistari michache tu, nimepika nini, nani amepita. Jioni ile nilikaa na kalamu nikashindwa kuandika lolote zaidi ya maneno hayo, kwa hiari yake, nikayarudia mpaka karatasi ikatoboka. Sasa nataka kuuandika mwaka wenyewe alioondoka Ujiji. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya maji na upepo nitakayoyasema niliyapata kwa kuambiwa, kwa hiyo nikikosea mwenye elimu anisahihishe. Lakini la hiari sikosei. Nilikuwepo.

Mwaka huo nilikuwa msichana wa kuanika dagaa, nina sehemu yangu ya mchanga pale mwaloni, na nilichangia chumba na Da Mwasiti. Kwa umri angeweza kuwa shangazi yangu, ila alikataa kuitwa hivyo. "Niite dada," alisema siku ya kwanza, "shangazi ni mtu mwenye meno machache." Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye nyumba ndefu ya kupanga, kuta za udongo, bati juu, na kuta zenyewe hazikufika kwenye bati, kwa hiyo wapangaji wote tulikuwa kama watu wa chumba kimoja waliowekewa pazia. Ukipiga chafya huku, kule unaambiwa afya. Upande wa pili wa ukuta wetu alikuwa anakaa Bwana Mushi, kijana aliyeletwa Kigoma kutoka Kilimanjaro na ofisi moja ya mambo ya samaki. Tulijua anapopiga mswaki, tulijua anapozima redio, tulijua barua za kwao zikifika kwa sababu siku hiyo alipiga mluzi. Hakujua kupika. Wiki ya kwanza tulimsikia akihangaika na jiko la mafuta ya taa, moshi ukaruka ukuta ukaja kwetu, na Da Mwasiti akachukua mwiko akagonga ukuta: "Bwana Samaki! Utatuchoma wote. Zima hilo dude uje ule." Tangu hapo mwiko ukigongwa, Mushi anatoka. Alikula kwetu ugali wa muhogo, alikula sombe, yaani kisamvu, alikula migebuka ya mawese mpaka akaanza kuwaambia wageni wake wa kutoka kwao kwamba nyama ni chakula cha watu wasio na ziwa. Nataka hili likumbukwe nitakapofika mbele. Alikula kwetu.

Kazi ya Da Mwasiti ilikuwa kuuza baridi. Watu husema aliuza soda na togwa, na ni kweli, ila soda na togwa kila mtu aliuza; kwake walifuata baridi. Soda zilikuja kwa treni, zikifika zimepikwa na jua la njia nzima, mwaloni hakukuwa na friji, na umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha. Basi asubuhi alikuwa anapakia chupa na madumu kwenye gunia la nyavu, anatia jiwe la kuzamishia, anapiga kasia mpaka pale ambapo ziwa linaacha kuwa na chini. Kwetu si mbali. Unatembea majini, maji yako kifuani, hatua chache mbele hakuna kitu, ni shimo jeusi. Pale alishusha gunia kwa kamba ndefu, akafunga ncha ya kamba kwenye dumu tupu lililoelea kama boya, akarudi. Adhuhuri anakwenda kulivuta. Haikuwa baridi ya friji, nisije nikatia chumvi. Ilikuwa baridi ya mtungi wa kivulini. Lakini kwa mtu aliyetoka kusukuma mtumbwi juani, chupa ile ukimwekea shavuni alifumba macho. Mwanzoni jiwe lilivunja chupa, nikachukua kipande cha kanga yangu kuukuu, nyekundu, nikalishonea jiwe nguo. Tulicheka sana siku ile. Da Mwasiti alilibeba mgongoni akilibembeleza, akawaambia wanawake wenzangu wa dagaa, "Mnaona? Mwanangu huyu hali, halii, na kazi anafanya."

Jambo moja lilimsumbua. Baridi ilikuwa inahama. Miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapovuma wiki nzima bila kupumzika, kamba yake ya kawaida ilirudisha soda vuguvugu, ikabidi aongeze kamba nyingine ndipo aifikie. Upepo ukitulia, baridi inarudi juu, kamba fupi inatosha. Siku moja tuko tunakula, maharage yamekaangwa kwa mawese mengi, mafuta mekundu yametanda juu ya mchuzi, akamuuliza Mushi. Mushi akaweka kijiko chini, macho yakamwaka kama mtoto aliyeulizwa jambo analolijua. Akavuta bakuli karibu. "Tazama dada. Mchuzi ndio maji ya chini, ya baridi. Mafuta ndiyo maji ya juu, ya joto, mepesi, yanaelea. Mimi hapa ndiyo upepo wa kusini." Akainama akapuliza. Mafuta yakakimbia yote upande wa pili wa bakuli, yakarundikana ukingoni, na huku karibu na mdomo wake mchuzi ukabaki uchi. "Huku nilikopuliza ni Zambia. Kule mafuta yaliporundikana ni hapa kwetu na Burundi. Joto lote la juu limesukumwa huku, limekuwa nene, ndiyo maana kamba yako haifiki." Akaacha kupuliza. Mafuta yakarudi yakitikisika, yakapita katikati, na upande wetu mchuzi ukaonekana. "Upepo ukikatika, joto linarudi lilikotoka, na baridi ya chini inapanda huku kuchukua nafasi yake. Linakwenda linarudi, kama maji kwenye beseni ulilolibeba kichwani." Kisha akazungusha ncha ya kijiko, mafuta yakakatika yakawa maduara mengi madogo, kila moja linazunguka na kutembea. "Na haya ndiyo mafundi wenyewe. Ziwa halitembei moja kwa moja, linazunguka zunguka hivi. Duara hili limebeba joto linakwenda Kongo, hili limebeba baridi linakuja mwaloni. Hata baharini ni hivyo hivyo, joto la dunia linabebwa na mikondo na mizunguko kama hii." Da Mwasiti akalitazama bakuli kwa muda. "Kwa hiyo upepo ukikatika ghafla?" Mushi akasema, "Ghafla sana? Baridi inaweza kupanda mpaka juu kabisa." "Haya," Da Mwasiti akasema, "na wewe ukiendelea kupuliza utakula maharage ya baridi." Tukacheka. Nimelieleza lile bakuli kwa urefu kwa sababu kila nikitaka kumwonea Mushi huruma, na nimejaribu mara nyingi, naliona lile bakuli. Alitufundisha kwa maharage yetu.

Mwishoni mwa kiangazi upepo ulivuma kwa hasira, mitumbwi ikashinda imelala mchangani, halafu ukakatika. Ukakatika kama mtu aliyefunga mlango. Siku chache za joto la kuziba pumzi zikapita, ziwa limelala kama kioo. Asubuhi moja nilikwenda kunawa kabla ya kuanika, nikatia mguu majini nikautoa. Maji yalikuwa baridi kama ya kijito cha Kalinzi kule milimani. Yalikuwa na rangi ya kijani iliyochafuka, na harufu kama ya yai lililooza, hafifu, inakuja na kupotea. Kisha nikawaona samaki. Wale wadogo wa miambani, kuhe wakubwa, migebuka ambao bado wachanga, wengine wamegeuka tumbo juu, wengine wanapanua midomo juu ya maji kama watu wanaotaka kusema kitu. Walikuwa wametapakaa ufuo mzima, lakini walikokuwa wengi zaidi ni pale shimoni, kuzunguka dumu tupu la Da Mwasiti. Sasa naelewa kwamba pale ndipo palipokuwa na kina, na baridi ingepandia wapi kama si pale. Asubuhi ile hakuna aliyefikiri kina. Kila mtu alitazama dumu.

Mvuvi mmoja akasema kwa sauti, "Yule mama anashusha nini kule chini kila siku?" Hilo tu. Nimewahi kujiuliza kama alikuwa na nia mbaya, na kwa haki nasema sidhani. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani ameacha mlango wazi. Lakini swali likapita mikononi mwa watu wote, na kila aliyelipokea alilirudisha likiwa zito zaidi. Vijana wakaingia kwenye mtumbwi wakaenda wakalivuta gunia. Zikatoka soda. Likatoka dumu la togwa. Halafu likatoka jiwe langu, limevaa kanga nyekundu, limeshonwa vizuri, maji yanachuruzika. Mama mmoja niliyeanika naye siku zote, aliyewahi kumbeba "mtoto" yule mgongoni na kucheka, alirudi nyuma akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Hirizi," mtu akasema. Da Mwasiti alifika akiwa anatembea kwa kawaida, kikapu cha vikombe mkononi. "Mwakeye," akawasalimia kwa Kiha, kama kila asubuhi, na hakuna aliyeitikia. Akamwona yule aliyeshika jiwe. "Hee, mbona mmenivulia mwanangu?" Alitania! Mpaka leo moyo unaniuma kwamba alitania. Mzee Hamdani, wakati huo mtu wa makamo mwenye kifua na sauti, akamwambia, "Mwasiti, huu si wakati wa mzaha. Kila siku unakwenda kuchota baridi. Leo baridi imekufuata, imetuulia samaki." Vijana wawili wakaokota mawe. Hapa lazima niandike kilichotokea, ingawa mkono unakataa: Hamdani ndiye aliyesimama mbele yao akatanua mikono. "Anayerusha aanze na mimi," alisema. Wakayatupa chini. Bila yeye sijui kama kungekuwa na Simbo wala arobaini. Nimeliandika. Sasa naendelea kukasirika.

Jioni, kabla hatujawasha taa, mkubwa wa Mushi alikuja kumtembelea, tukawasikia kupitia juu ya ukuta. Da Mwasiti alikuwa anachambua mchele, vidole vikasimama. "Ni maji ya chini yamepanda, mkuu," Mushi akasema. "Hayana hewa. Samaki wamekosa pumzi, basi. Hakuna sumu, hakuna dawa." Mkubwa akauliza, "Umeshapima?" "Nimepeleka sampuli kwenye treni. Lakini mtu yeyote akitia mguu majini anajua." Kiti kikalia. "Mushi, sikiliza mdogo wangu. Wewe mgeni hapa. Watu wana hasira, wamepoteza samaki wa nyavu nzima. Ukisimama ukasema jambo, kesho majibu yakija tofauti, ofisi itaonekanaje? Sema uchunguzi unaendelea. Si uongo. Unaendelea." Kiti kikalia tena, mlango ukafungwa. Da Mwasiti alinigeukia, na uso wake, sijui niseme vipi, ulikuwa umetulia kabisa. "Umesikia? Anajua. Kesho atasema." Akapika wali, na nazi akatia, nazi ambayo kwetu haipatikani hivi hivi, akagonga ukuta kwa mwiko. Mushi alikuja. Alikula bila kuinua macho. "Utasema, mdogo wangu?" Da Mwasiti akamuuliza wakati anamnawisha. "Nitasema, dada." Nilimwona mdomo ukisema hivyo. Maneno yangu mengine naweza kuyatilia shaka, miaka imepita mingi, pengine wali haukuwa na nazi. Hilo silitilii.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kuuzia samaki. Wanaume wamekaa kwenye meza za kupimia, wanawake tumesimama kwenye jua, na harufu ya samaki waliooza imekaa juu yetu sote kama mjumbe mwingine wa kamati. Wakasema wengi. Mmoja alisema sumu, mmoja alisema jini, mmoja alisema yeye hana uhakika ila kwa nini tujaribu bahati. Nikanyoosha mkono. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu kabla ya siku ile. Nikasema, "Kile kitambaa ni kanga yangu. Nilikishona mimi, chupa zisivunjike." Mtu akapiga kelele, "Kumbe mko wawili!" Watu wakacheka kicheko kibaya. Hamdani akasema, "Keti, binti. Tunakusaidia ukikaa kimya." Nikamtazama Mushi. Alikuwa amekaa mbele, shati jeupe limepigwa pasi, tulimsikia akilipiga asubuhi ile. Hamdani akamwita: "Mtaalamu wetu, tusaidie. Samaki wamekufa kwa nini?" Banda lote likanyamaza. Walinyamaza kweli, walitaka kusikia. Nasema hivi kwa ajili yao. Mushi akasimama. Akamtazama Da Mwasiti, akatazama viatu vyake, akasema, "Uchunguzi unaendelea." Akaketi.

Sentensi moja tu ilitakiwa. Angesema maji ya chini yamepanda, pengine wangemzomea. Pengine wasingeamini, pengine vijana wangeokota mawe tena, yote yanawezekana, na mimi si mtu wa kuapa juu ya yale ambayo hayakutokea. Alikuwa kijana, alikuwa mbali na kwao, mshahara ule ulisomesha wadogo zake, nilizisikia barua zikisomwa. Mkubwa wake alimfunga mdomo. Nimeyapanga haya yote upande wake, moja moja, kwa miaka mingi, na kila nikimaliza kuyapanga nakuta hasira iko palepale, haijapungua hata kidogo. Kwa sababu yeye alijua. Wale wengine hawakujua, waliogopa, na mtu akiogopa anakamata kilicho karibu. Yeye alikuwa na bakuli.

Kamati ikaamua, na Hamdani akatamka, kwamba Mwasiti asitie tena mkono wala chombo ziwani. Mtumbwi wake ubaki mwaloni mpaka sababu ijulikane. Haikujulikana, na mtumbwi ukabaki, ukatumiwa na kila mtu mpaka ukaoza. Alifunga vitu vyake kwenye shuka moja na kwenda kwa mpwa wake Simbo. Siku anaondoka alichota maji ya kuoga kisimani, kwa jirani. Nilimwambia, "Dada, ziwa lile pale." Akasema, "Nimekatazwa." Alitii! Mtu aliyemkemea kila mvuvi aliyekunywa soda bila kurudisha chupa, alitii. Mwiko akaniachia. Jioni ile nilipika ugali, nikala peke yangu, na kule upande wa pili nilimsikia Mushi anangoja ukuta ugongwe. Nikala taratibu. Sijawahi kugonga tena.

Mwezi haukuisha dagaa wakaja. Walikuja mpaka mchanga wa kuanikia haukutosha, tukaanika juu ya mawe, juu ya mabati, juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Wanunuzi wa Mwanga, kule Kigoma mjini, walikuwa wanagombana mbele ya macho yetu. Jioni moja Mushi akaongea kupitia ukuta, bila salamu: "Zai. Dagaa hawa ni ile baridi. Maji ya chini yana rutuba, kama mbolea iliyolala. Yakipanda, vijidudu vya majini vinanona, na dagaa wanavifuata." Nikamwambia, "Kawaambie." "Majibu ya sampuli bado," akasema. Nikapandisha redio yangu juu. Mwaloni watu walivaa nguo mpya sikukuu ile. Hamdani alinunua injini. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, tukamchukue Mwasiti, maana kama ni yeye aliyeipandisha ile baridi basi na dagaa ni wa kwake. Mabaya walimpa yote. Mazuri wakasema Mungu.

Nilikuwa nakwenda Simbo kumwona kila nilipoweza. Alilima muhogo na maharage, alizeeka, alikuwa mkali kwa kuku kama alivyokuwa mkali kwa wavuvi. Hakulia mbele yangu. Mara moja tu, tumekaa ukumbini kwake tunamenya muhogo, alisema, "Shida ya huku ukichimba chini unakuta udongo uleule." Na kila nilipoaga aliniuliza, "Baridi iko wapi siku hizi?" Mwanzoni nilidhani anauliza hali ya hewa. Alikuwa anauliza kamba. Ningejuaje, hakuna mtu anayeshusha kitu tena, mwaloni kila kibanda kina friji. Na ziwa lenyewe limebadilika, lilipanda likala mchanga wetu wa zamani, dagaa wamepungua, wavuvi wanakwenda mbali wanarudi na dagaa wa sufuria moja, na siku hizi kuna miezi ambayo ziwa linafungwa samaki wazaliane.

Sasa nirudi arobaini, maana sikuimaliza. Mzee Hamdani alipoketi, mtu mmoja wa nyuma kabisa akanyanyuka, mvi kichwa kizima, kofia mkononi. Sikumtambua mpaka aliposema. Mushi alihamishwa zamani, akaja kustaafu Mwanga kwa sababu mkewe ni wa hapa. Nilikuwa nimesikia, sikuwahi kumtafuta. Akasema, "Naomba samahani kwa kuongeza neno. Mwaka ule samaki waliuawa na maji ya chini. Upepo ulikatika, baridi ikapanda. Huyu mama hakuhusika kwa lolote. Nilijua siku ileile na nilinyamaza." Akaigeuza kofia mkononi. "Na niwaambie, ile baridi leo tungeiomba. Maji ya juu yamepata joto kuliko zamani, yamekuwa kama kifuniko, upepo hauyasukumi vizuri, chakula cha dagaa kimelala kule chini hakipandi." Nilisubiri. Nilitaka kuona watu wa turubai lile watafanya nini. Wazee wakaitikia kwa vichwa. "Ah, hilo tulijua," mmoja akasema. "Tulijua siku zote," akasema mwingine. "Mwasiti? Mtu safi yule. Nani asiyejua?" Na mama mmoja kando yangu, aliyekuwepo siku ya jiwe, aliyejifunika mdomo kwa kitenge, akasema huku anakusanya mifupa, "Jamani, tulijua."

Basi walijua. Nilikuwa nimeikunja hasira yangu miaka yote nikiwapa wao nafuu ya kutojua, nikambebesha Mushi peke yake. Sijui tena nani nimkasirikie. Pengine wanasema tu, kama watu wanavyosema msibani. Pengine hawakumbuki. Ningependa kuwa mwadilifu hapa pia, lakini nimechoka.

Watu walipoanza kutawanyika Mzee Hamdani akaja upande wetu, mkongojo mkono mmoja, soda mkono mwingine, imetoka kwenye friji ya mpwa, inatoa jasho. "Shikamoo mzee," nikasema. "Marahaba, Zai. Wewe ndiye uliyekaa naye. Pole sana." Akanitazama. "Wale vijana na mawe. Mimi niliwazuia. Unakumbuka?" "Nakumbuka, mzee." "Mungu shahidi." "Nimekumbuka, mzee. Na kumwambia asitie mkono ziwani ulisema wewe. Unakumbuka?" Akatazama turubai linavyofunguliwa kamba. Kisha akaniwekea ile chupa mkononi, akanifungia vidole juu yake kwa vidole vyake. "Kunywa mwanangu," akasema, "jua kali. Ya baridi hiyo."

Nikakaa kwenye kiti mpaka viti vingine vyote vikabebwa. Sikuinywa. Niliishika kwa mikono miwili, jasho la chupa likanichuruzika kwenye kanga, likakauka, na niliendelea kuishika mpaka baridi yote ikaisha mle ndani, ikawa na joto kama mkono wangu.